Kama Mungu hana mwisho, ulimwengu ulipata nafasi wapi?

Swali lako, kwamba kama Mungu hana kikomo basi ulimwengu ulikaa wapi, liliwasumbua sana wanazuoni wa Kabala, yaani elimu ya mafumbo ya kiroho ya Kiyahudi. Jibu linalojulikana zaidi ni la Isaac Luria, Myahudi aliyekulia Misri na kufia Safed, Galilaya, mwaka 1572. Mwenyewe hakuandika mengi; mafundisho yake tunayapata hasa kwa mwanafunzi wake, Chaim Vital.

Luria anaanza na Ein Sof, yaani Mungu asiye na mwisho, kabla ya sifa yoyote kutajwa. Tendo la kwanza si kutoa kitu, ni kujizuia: nuru ilijikunja ikaacha uwazi katikati. Hiyo ndiyo tzimtzum. Na uwazi wenyewe haukuwa mtupu kabisa. Masalia ya nuru yalibaki, kama mafuta yanavyobaki yameshika kwenye chupa uliyokwisha kuimimina. Kisha mstari mwembamba wa nuru ukaingia humo. Baadhi ya vyombo vilivyoipokea vikashindwa, vikapasuka, cheche zikatawanyika (hapo pana habari ndefu, tuiache).

Ila usidhani wote wanakubali kwamba Mungu alisogea kweli. Shneur Zalman wa Liadi, mwanzilishi wa Chabad, tawi la Wayahudi wa Kihasidi, alishikilia katika kitabu chake Tanya cha 1796 kwamba kujikunja huko ni kwa upande wetu viumbe tu. Kwa Mungu hakuna kilichobadilika. Mimi naona ana hoja. Kusogea kunahitaji mahali, na mahali ndipo hasa unapouliza pametoka wapi.