Kabla hujaniuliza euro, niulize mguu wa baba

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umemaliza shahada ya maabara pale Mwanza, kazi hakuna, na shangazi ameandika kwenye kundi la ukoo kwamba mimi huku Ujerumani nalipwa euro kwa kuchungulia wadudu, basi nikuvute na wewe. Shangazi namheshimu, lakini maneno yale yameniuma. Nakujibu wewe kwa sababu wewe sahani ya agari, ile ya kuoteshea vimelea, umeishika.

Baridi utaizoea. Kibali changu kinafuata mkataba, mkataba ni wa miaka miwili miwili, na kuna sheria ya 2007 ambayo kwa kawaida inampa mtafiti miaka 6 tu ya mikataba ya namna hiyo baada ya shahada ya udaktari, yaani PhD. Mimi nimebakiza mmoja. Hilo bado linaniacha nilale. Linaloninyima usingizi ni pesa ninayotuma nyumbani.

Kidonda cha baba unakikumbuka. Sukari, kiatu kikambana, kidole kikachubuka. Nikatuma hela kwa simu, akaenda duka la dawa, akapewa azuma, antibiotiki (dawa ya kuua bakteria), vidonge vitatu. Baada ya wiki mbili nikatuma tena, akapewa ampiklox, antibiotiki nyingine. Kisha sindano za seftriaksoni, akichomwa na jirani. Kila nilipotuma nilijiona mtoto mwema. Sikuuliza hata siku moja, "Wameotesha?", yaani wamekuza vimelea vya kidonda maabara waone ni vipi na dawa gani inavimaliza? Mimi, niliyesomea usugu wa vimelea dhidi ya dawa mpaka udaktari! Kuuliza kungezua mabishano ya nusu saa na baba, kutuma kulinichukua dakika moja.

Hospitali ilikuja kuotesha kidonda kikiwa na miezi mitatu. Picha ya majibu ulinitumia wewe mwenyewe: bakteria Klebsiella pneumoniae. Seftriaksoni R, yaani haimwezi, siprofloksasini R, jentamisini R. Zenye S, yaani zinazomweza, zilikuwa mbili tu, meropenemu na amikasini. Nilikuwa nimesimama maabara, mkononi nina sahani ya mdudu wa aina hiyohiyo, utando umeota mpaka ukagusa ukingo wa kile kikaratasi cha seftriaksoni, hakuna duara tupu, alama ya dawa kumzuia, hata la upana wa punje ya mchele. Hizo ndizo euro zangu: nasoma jeni zinazompa mdudu huyo kimeng'enya cha kuivunja dawa, na namna anavyowagawia wenzake jeni hizo. Na siku hiyo alikuwa anakula mguu wa baba.

Sisemi dawa za dukani ndizo zilizomleta mdudu huyo, huenda baba alimpata wodini. Ila miezi mitatu ilipotea kwa dawa zisizomgusa, na mlipaji nilikuwa mimi. Baba akakatwa chini ya goti. Mpaka leo anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe hakumtupa, alituma dawa.

Kila mwaka nawasomea wanafunzi maneno ya Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipopokea Nobel, Desemba 1945. Alitoa mfano wa bwana anayeumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo isiyotosha kuua vimelea ila inayotosha kuwafundisha kuistahimili, kisha akamwambukiza mkewe, dawa ikashindwa, mke akafa. Zamani nilikuwa nausoma mfano huo haraka haraka. Sasa nikifika hapo sauti inakwama. Kwa mwaka 2019 peke yake inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika yetu ya kusini mwa Sahara iliumia kuliko wote.

Sasa wewe. Usije. Kwetu watu wa kuotesha na kusoma majibu vizuri hawatoshi, na kila anayeondoka anaacha benchi tupu, nikiwemo mimi. Lakini ukipata ufadhili unaolipa kila kitu, panda ndege hata kesho, usimsikilize mtu. Usikubali ukoo uuze kiwanja kwa ajili ya nauli yako. Kwanza kaa maabara mwaka mzima, hata kwa kujitolea, mpaka uijue harufu ya bakteria Pseudomonas kabla hujafunua sahani. Na ukishafika huku, usitume pesa ya dawa bila kuuliza. Ukishindwa kuuliza, tuma, mtu asife.

Jana baba kaniambia kisigino cha mguu uliobaki kimeanza kupasuka. Nenda leo. Asimeze antibiotiki yoyote kabla sampuli haijachukuliwa. Waambie wakioshe kwanza kidonda, wachukue kinyama cha ndani, wasipanguse pamba juu juu. Nimekutumia hela ya kuotesha peke yake, dukani isifike. Majibu yakitoka nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.