Ukuta una pande mbili: kwa wewe unayeanza kukusanya masimulizi ya familia za wahamiaji

Karibu kila anayeanza kazi hii huja na swali lilelile: mlifikaje hapa? Mimi mwenyewe nililitanguliza miaka miwili ya mwanzo. Swali si baya, ila mzee aliyehama miaka arobaini iliyopita ameshaulizwa sana, na watoto, na wajukuu, na kabla ya wote hao na afisa wa uhamiaji. Jibu lake limeshapigwa msasa. Utapewa meli, utapewa mpaka, utapewa baridi ya usiku wa kwanza, nawe utatoka ukiamini umebeba kila kitu.

Mtaa wa wafanyakazi umejengwa na yale yaliyofuata. Nani alikupeleka kiwandani siku ya kwanza? Chumba mlilala wangapi? Kitanda mlipokezana vipi, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku? Hayo ndiyo msimulizi asiyokuambia, kwa sababu hadhani yana thamani.

Nilimhoji mama mmoja aliyeshona nguo kiwandani miaka ishirini na sita. Kwa dakika hamsini alinisimulia safari. Nikamshukuru, nikazima kinasa sauti, nikaanza kukunja waya. Akainuka, akaenda kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, akaweka kifundo cha kidole juu ya rangi iliyokwanguka. "Hapa ndipo tulipokuwa tukigonga," akasema. Yeye alikuwa zamu ya usiku. Jirani wa upande wa pili, mhamiaji kutoka nchi nyingine kabisa, alikuwa zamu ya mchana. Lugha yao ya pamoja ilikuwa maneno machache ya kiwandani. Jioni alimpeleka mwanawe kwa jirani, kisha akarudi kwake kungoja. Mtoto akishalala, jirani anagonga mara mbili, na hapo ndipo mama anavaa viatu. Asubuhi zamu inageuka, yeye anapokea watoto wa jirani. Miaka sita walilea watoto watano hivyo.

Nilimuuliza mbona hakunieleza mapema. Akanitazama kwa mshangao: "Mwanangu, hayo nayo ni historia?"

Nilirudi baada ya wiki mbili kumrekodi. Alisimulia, lakini kwa sentensi nne, amekaa kitini, mikono mapajani. Yale ya mara ya kwanza hayakurudi tena. Tangu siku hiyo sizimi chombo mpaka niwe nimeaga na nimefika mlangoni, na kabla ya kuanza humwambia msimulizi waziwazi kwamba ndivyo nitakavyofanya. Kikizimwa na jambo likaja, keti kwenye ngazi uandike papo hapo. Usingoje kufika nyumbani.

Jifunze maswali madogo. "Nieleze siku ya kawaida ya kazi tangu ulipoamka." "Ufunguo alikuwa nao nani?" "Ukiishiwa hela kabla ya mshahara, ulibisha mlango wa nani?" Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kinatisha mwanzoni, nami najua mkono unavyokimbilia swali linalofuata. Mwachie. Mara nyingi anatafuta neno, na wakati mwingine anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa.

Ana sababu ya kupima. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1882 kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie. Tetemeko na moto wa San Francisco wa 1906 viliteketeza rekodi za kuzaliwa, na Wachina wengi wakaweza kudai kwamba walizaliwa Marekani na hivyo ni raia, kisha wakaleta vijana walioandikwa kuwa wana wao kwenye karatasi tu. Serikali ilijua. Kuanzia 1910 hadi 1940, katika kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kwenye ghuba ya San Francisco, kijana aliulizwa ngazi za nyumba yao kijijini ni ngapi, jirani wa nyumba ya tatu anaitwa nani, kisima kiko upande gani. Majibu yake yasipolingana na ya aliyetajwa kuwa baba, hatari ya kurudishwa ilikuwa kubwa. Vijana walikariri vijitabu vya majibu wakiwa njiani. Sheria ile ilifutwa 1943, lakini kuna familia zilizoishi miongo mingi na majina mawili ya ukoo, moja la karatasi na moja la nyumbani.

Sasa yatazame tena maswali yangu madogo. Ufunguo nani, mlango wa nani, mlilala wangapi. Kwa aliyewahi kuhojiwa hivyo, au aliyesimuliwa na babaye, sauti yako ni ya dawati la afisa. Kwa hiyo usianze nayo. Nenda mara ya kwanza bila chombo, mkae tu. Kuhusu karatasi za kuingilia nchini siulizi kabisa. Msimulizi akitaka atazileta mwenyewe, na akizileta namkumbusha kwamba tunarekodi.

Na usiahidi usichoweza kulinda. Chuo cha Boston College kiliwahi kuhifadhi kanda za watu waliopigana katika mgogoro wa Ireland Kaskazini, waliohakikishiwa kwamba maneno yao yangebaki siri hadi wafe. Mwaka 2011 zikaja hati za mahakama kwa ombi la upande wa Uingereza, na sehemu ya kanda ikaishia mikononi mwa polisi. Mtaani kwako hatari si kubwa hivyo, lakini mtu anaweza kuwa na nduguye asiye na kibali. Mwambie kweli: "Nikishalirekodi, siwezi kukuhakikishia kwamba hakuna atakayelidai." Fomu ya ridhaa isomeni pamoja kabla, na saini ije baada ya mahojiano, akiwa ameshajua alichosema. Awe huru kufunga sehemu, au kuondoa yote.

Suala la mkalimani wengi hulichukulia kirahisi. Usimtumie mjukuu. Nilikuwa na bibi aliyeongea dakika nne nzima, machozi yakimlenga, na kijana akanigeukia: "Anasema maisha yalikuwa magumu." Kijana hakuwa mvivu. Alikuwa anamstahi bibi yake, na huenda ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Mwache msimulizi aseme kwa lugha anayootea ndoto, rekodi yote, tafsiri ifanywe baadaye na mtu asiye wa familia. Akichanganya lugha tatu katika sentensi moja, iandike hivyohivyo. Neno la kiwandani alilolichomeka katikati ya lugha ya mama yake linakuonyesha alijifunzia wapi kuzungumza na wageni wenzake.

Vyombo nitavitaja haraka: faili za WAV (sauti isiyobanwa), 48 kHz na biti 24, maikrofoni karibu na kifua cha msimulizi, vipokea sauti masikioni mwako muda wote. Ngurumo ya jokofu huisikii ukiwa chumbani, ila kwenye rekodi haivumiliki. Omba ruhusa ulizime, kisha weka funguo zako ndani yake ili usiondoke bila kuliwasha. Hifadhi nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo. Na ujue kwamba saa moja ya sauti, kwangu, hula saa sita hadi nane za kuandika.

Utakutana na makosa, na mgeni wa kazi hii hukimbilia kuyasahihisha. Familia nyingi Marekani husimulia kwamba jina lao lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York kilichopokea zaidi ya watu milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Lakini makarani pale walifanya kazi na orodha za abiria zilizoandikwa meli zilikotoka, na wengi walibadili majina wenyewe baadaye. Huko Terni, Italia, mfanyakazi Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949. Alessandro Portelli, mwanahistoria wa masimulizi, alipowahoji wazee wa mji, wengi waliweka kifo hicho 1953, wakati wa ghasia za kupunguzwa kazi kiwandani. Hakuiona kuwa kumbukumbu mbovu tu. Aliuliza kwa nini watu wote hao walikihamishia kifo kilekile kwenye mwaka uleule. Uliza hivyo nawe.

Lililobaki ni lile ninalotamani ningeambiwa mapema. Miradi mingi hukusanya kabila kwa kabila, taifa kwa taifa, kwa sababu wafadhili na vyama vya jamii vimepangwa hivyo. Majengo hayakupangwa hivyo. Kwenye kona ya Brick Lane, London, kuna jengo lililojengwa 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, likawa la Wamethodisti, likawa sinagogi la Wayahudi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1976 ni msikiti. Ukimhoji wa zama moja tu, una ghorofa moja ya nyumba.

Ilinichukua mwaka mzima kwenda kubisha upande wa pili wa ule ukuta. Jirani alikuwa ameshafariki. Binti yake mkubwa, sasa mwenye wajukuu, alinisikiliza, kisha akasema haikuwa mara mbili bali tatu, na kwamba mama yake akichelewa kurudi kutoka kazini, aliyewalaza watoto na kugonga ni yeye, akiwa na miaka tisa. Nilimpelekea yule mama rekodi hiyo. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudishe nyuma pale penye umri, akasikiliza tena. "Tisa," akasema. "Kumbe niliyekuwa nikimwachia mwanangu alikuwa mtoto." Kisha akaniomba niwashe chombo.