Jiji limepiga marufuku makaa ya mawe, mbona Januari hewa bado chafu?

SWALI: Ninasoma Kraków, Poland. Niliambiwa hapa ni marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni majumbani tangu 2019. Mbona usiku wa baridi programu ya simu inayoonyesha hali ya hewa chafu inatoa rangi nyekundu, na asubuhi nasikia harufu ya moshi? Ni magari?

JIBU: Magari yana sehemu yake, lakini harufu hiyo ni ya majiko ya kupasha nyumba joto, na moshi wake mwingi haukutoka mjini.

Marufuku iliyoanza 1 Septemba 2019 inahusu eneo la jiji peke yake. Ukitoka kuelekea maeneo jirani ya Skawina, Wieliczka au Zabierzów, kanuni zilizowahusu watu huko ni zile za mkoa wa Małopolska za 2017, ambazo ziliwapa wenye boila kuukuu (majiko ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto) muda hadi mwisho wa 2022 kuziacha. Muda ulipokaribia kuisha, ukasogezwa hadi mwisho wa Aprili 2024. Kwa maoni yangu ahirisho lile liliwaumiza watu: kila msimu wa baridi unaoongezwa ni miezi mingine ya watoto kuvuta masizi.

Sasa tazama mahali penyewe. Kraków iko kwenye bonde la mto Wisła. Usiku wa Januari usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa inayoigusa hupoa kuliko ile iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Ile yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Mchana wa kiangazi moshi hupata zaidi ya kilomita moja kwenda juu wa kutawanyika. Usiku wa namna hii unaweza kubanwa ndani ya mita mia mbili au pungufu. Hewa baridi ya vilimani nayo huteremka polepole, ikishusha moshi wa vijiji bondeni mnakolala.

Halafu kuna namna ya kuchoma. Mwenye boila ya zamani, saa nne usiku, hujaza makaa kisha hubana tundu la hewa ili moto udumu hadi alfajiri. Moto uliobanwa hufukuta badala ya kuwaka. Lami na gesi zinazotoka kwenye makaa hupita bila kuungua, na dohani yenyewe haizidi sana paa la nyumba. Humo ndimo zinamotoka chembe za PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Humo pia hutoka benzopireni, inayosababisha saratani. Lengo la Umoja wa Ulaya ni nanogramu 1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na miji mingi ya kusini mwa Poland imelipita mara kadhaa. Kuni mbichi hazina nafuu. Zinapaswa kukaushwa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20.

Kituo cha Łęg, kinachopeleka maji ya moto kwenye nyumba nyingi za jijini, nacho kimekuwa kikichoma makaa ya mawe. Tofauti ni kwamba moto wake ni mkali, moshi huchujwa, na dohani yake ni ndefu mno. Ndiyo maana kuunganisha nyumba na mtandao huo husafisha hewa ya mtaani hata kabla makaa hayajaachwa kabisa.

Unaweza kubaini mwenyewe chanzo kwa kutazama vipimo kwenye programu yako. Naitrojeni dioksidi ikipanda saa za foleni, hayo ni magari. PM2.5 ikipanda kuanzia saa mbili usiku, kukiwa na baridi na upepo umetulia, ni majiko.

Shirika la Afya Duniani linashauri PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Siku ikipita hapo, usikimbie nje jioni. Fungua madirisha adhuhuri au upepo unapovuma, na ukitoka vaa barakoa ya FFP2, aina inayochuja chembe ndogo, kwa sababu barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi vya kutosha. Ukiona dohani ya jirani ndani ya jiji inatoa moshi mzito, piga 986, namba ya askari wa jiji. Wana mamlaka ya kuingia kukagua jiko na kuchukua sampuli ya majivu.