Wosia na lupango: maswali kutoka Lubumbashi

Mume wangu hataki kuandika wosia, anasema ni kujiitia kifo. (Mama, Katuba)

Mama, mwonyeshe kitakachotokea asipoandika. Kanuni ya Familia ya Kongo (DRC) ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, wa kike na wa kiume sawasawa. Robo inayobaki inaenda kwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Wewe unabaki na sehemu moja ya kumi na mbili! Ndani ya robo hiyo ndimo wosia unapoweza kukufaa, kwani robo tatu ya watoto haiguswi.

Lakini kuna jambo la kwanza kabla ya wosia: mlifunga ndoa komini (ofisi ya serikali ya mtaa wa mji)? Kama ndiyo, na hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali, nusu ya mlichochuma pamoja ni yako tayari, haingii katika urithi. Nyumba mnamoishi pia una haki ya kuendelea kukaa humo. Wajane wengi wanatolewa kwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) kabla matanga hayajaisha, na wanatoka kwa kuwa hakuna aliyewaambia hayo. Inaniuma sana.

Nilichapiwa wosia kwa kompyuta, nikasaini. Unatosha? (Papa, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Usiitegemee saini peke yake. Wosia wa binafsi ulio salama ni ule ulioandikwa wote kwa mkono wako, wenye tarehe na saini. Kama mwandiko unakuchosha, nenda kwa notere (mthibitishaji wa hati) au kwa ofisa wa hali ya raia (anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo). Katika wosia taja pia nani atakayesimamia ugawaji. Bila wosia, kazi inamwangukia mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, hata kama hasemezani na wadogo zake.

Naweza kumwachia kifungua mimba wangu kila kitu?

Huwezi. Watoto wote wana robo tatu yao.

Nina mtoto nje ya ndoa, mke wangu hajui. Nimwandike katika wosia? (Ruashi)

Usingoje wosia, baba. Sheria inamhesabu mtoto wa nje pamoja na wengine iwapo ulimtambua ungali hai, mbele ya ofisa wa hali ya raia. Ukifa kabla, mama yake atabaki kubishana mahakamani na watu wasiotaka hata kumwona. Nenda komini wiki hii, kisha ongea na mkeo mwenyewe, asije akasikia habari hiyo siku ya mazishi.