Kwaresima Yangu na Daftari la Mama wa Vitumbua

Juzi msomaji mmoja aliniandikia akiuliza ajinyime kitu gani katika Kwaresima hii ili awe pamoja na maskini wa dunia. Swali hilo lilinichoma, kwa sababu mwaka jana nililijibu kwa kujiamini mbele ya jumuiya yetu nzima, na jibu langu likamwumiza maskini aliyekuwa karibu nami kuliko wote.

Tangu Jumatano ya Majivu niliacha vitumbua viwili na chai ya maziwa ambavyo kwa miaka minne nilivinunua kwa mama mmoja anayepika chini ya mwembe, nje ya geti la ofisi yetu. Shilingi 1,000 ya kila siku ya kazi niliiweka katika bahasha, na ilipofika Alhamisi Kuu zilikuwamo zaidi ya 30,000. Mwenyekiti wa jumuiya alinisifu, nami nakiri kwamba siku ya kuitoa niliishika bahasha ile juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Baada ya Pasaka nilirudi chini ya mwembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemaliza kutubu?"

Akanieleza kwamba tuliofunga pale ofisini tulikuwa watano, kwamba majuma yote yale alirudi nyumbani na vitumbua visivyonunuliwa, na kwamba deni langu la Januari, shilingi 14,000, lilikuwa bado limo daftarini. Mimi nilikuwa nimelisahau. Yeye hakulisahau, ila aliona haya kumdai mtu aliyefunga.

Na somo nililisikia! Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu husomwa Isaya sura ya 58, ambamo nabii anawakemea watu wanaofunga huku wakiwalemea wanaowafanyia kazi. Nililiitikia kwa sauti kubwa.

Mwaka 1958 maaskofu wa Ujerumani walianzisha shirika la misaada la Misereor ili sadaka za Kwaresima zipambane na njaa na maradhi duniani, na matunda yake hata sisi huku tumeyaona. Lakini mwaka 1967, katika waraka wake Populorum Progressio, Papa Paulo wa Sita alionya kwamba misaada haitafaa kitu iwapo biashara kati ya mataifa tajiri na maskini haina haki, kwa kuwa kinachotolewa kwa mkono mmoja huchukuliwa kwa mwingine. Niliusoma waraka huo nikaliona daftari lile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza utaacha nini, uliza unadaiwa na nani: dada wa nyumbani ambaye mshahara wake huvuka mwezi, fundi uliyemwambia aje kesho, muuza mboga unayemwomba apunguze bei wakati dukani hulalamiki. Walipe kwanza. Kisha ujinyime kitu ambacho kukosekana kwake hakumlazi mwingine njaa. Mimi nimeacha kifurushi cha mpira, na ninaamini wenye ving'amuzi watakula.

Vitumbua ninaendelea kununua, kwa fedha taslimu, na hula mlinzi wa geti, ambaye jina lake nimelijua wiki iliyopita tu. Mama hunihudumia vizuri, ila kunikopesha amekataa katakata.