Jibu: Magazini hiyo si ya Vita Kuu ya Kwanza

Ndugu, umeuliza kama magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki) uliyoonyesha pichani ni ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, ya Vita Kuu ya Kwanza. Mimi nasema hapana.

Tazama umbo kabla ya mihuri iliyogongwa kwenye chuma. Risasi ya .303, iliyotumiwa na Lee-Enfield hizo, ina ukingo uliojitokeza kwenye kitako, na mwili wake hupungua kuelekea mbele, ndiyo maana magazini yake imekatwa kwa mshazari upande wa chini. Yako ina pembe za mraba kama kisanduku. Hiyo ni dalili ya Ishapore 2A au 2A1, bunduki za aina ya Lee-Enfield zilizotengenezwa India kuanzia miaka ya 1960 kwa risasi za milimita 7.62 ambazo hazina ukingo huo. Hata kama itaingia kwenye bunduki ya .303, usiilazimishe.

Ukikutana na nyembamba ya risasi 8 katika safu moja, ishike vizuri sana: hiyo ni ya Lee-Metford ya mwanzo, bunduki iliyotangulia Lee-Enfield, ya 1888. Toleo la 1892 lilileta risasi 10 katika safu mbili zilizopishana.

Na tafadhali, usikadirie umri wa bunduki kwa magazini yake. Maghalani magazini zilibadilishwa mno kutoka bunduki moja hadi nyingine.