Kwa wanaoanza kazi ya kuajiri: cheti cha tabia njema kiombwe lini, kisomwe vipi

Ukiajiriwa katika ofisi ya wafanyakazi hapa Kenya, kazi yako ya kwanza huenda ikawa kutoa tangazo la nafasi. Utapewa tangazo la mwaka jana, ubadilishe tarehe na cheo, ulitume. Mwishoni utakuta mstari unaomtaka kila anayeomba aambatanishe cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Ushauri wangu ni kwamba uzungumze na mkubwa wako mstari huo utolewe. Cheti chenyewe kina maana, ila wakati wake bado haujafika.

Fikiria gharama ya huyo unayemtaka akilete. Ada ni shilingi 1,000, na 50 juu yake za eCitizen, tovuti ya serikali ya kuombea huduma. Asiye na kompyuta ataenda saiba amlipe mtu wa kumfungulia akaunti na kumjazia maombi, kisha achapishiwe risiti na fomu ya C24, ile ya kupigia alama za vidole. Fomu hiyo hutakiwa pande mbili za karatasi moja, na saiba ikiitoa kwa karatasi mbili atarudishwa. Halafu kuna nauli ya kwenda Huduma Centre au ofisi ya DCI kupigwa alama za vidole, na siku nzima ya kibarua imekwenda. Mtu wa Kinango au Lunga Lunga anayetafuta kazi ya kufagia anaweza kukopa ili atimize hayo yote, kwa nafasi inayoombwa na mamia. Nimewahi kuona maombi ya aina hiyo yakijaza maboksi ofisini, cheti ndani ya kila bahasha, na nyingi hazikufunguliwa kabisa kwa sababu waliohitajika walishapatikana katika zile za juu. Nilihuzunika sana, kwa kuwa kila bahasha ilikuwa na pesa ya mtu asiye na pesa.

Kwa hiyo chagua kwanza. Fanya mahojiano, wapigie simu waliotajwa kama wadhamini, ukisharidhika na mtu mwandikie barua kwamba kazi ni yake kwa sharti la cheti kutoka safi. Mpe muda wa kutosha, maana matokeo mara hutoka kwa siku chache, mara huchukua wiki. Na mwajiri akiweza kulipa ada hiyo, alipe. Mkiajiri watu watano ni shilingi 5,250, pesa ambayo kampuni haitaisikia.

Muda huo nausisitiza kwa sababu ya vidole. Alama huchukuliwa kwa wino, vidole vyote kumi, na ndizo zinazolinganishwa na kumbukumbu, kwa kuwa majina peke yake yangewachanganya akina Juma Ali wote wa Pwani. Aliyefua nguo za watu kwa miaka, au aliyechimba mawe ya matofali kule machimboni, ngozi ya ncha za vidole huwa imelika na mistari haionekani vizuri. Huyo anaweza kuitwa arudie. Mama mmoja aliyekuwa dobi aliniambia karibu kwa machozi kwamba ameombwa arudi, akidhani tayari amekosa kazi. Hakuwa na kosa lolote. Mwambie mtu wa namna hiyo apumzishe mikono siku kadhaa na aipake mafuta usiku, lakini afike kwa karani ikiwa mikavu. Nafasi yake umwekee.

Sasa kukisoma. Cheti safi kinakwambia kwamba siku kilipotolewa, kumbukumbu za polisi wa Kenya hazikuwa na rekodi ya jinai ya mtu huyo. Basi. Aliyefanya kazi Saudia au Qatar miaka minane, na huku Pwani ni wengi, cheti cha DCI hakizungumzii maisha yake ya kule. Wala hakitakwambia kwamba mtu alifukuzwa kazi kwa wizi uliomalizwa kimyakimya ofisini.

Kwa wanaoajiri shuleni jambo hili ni zito kuliko yote niliyoyasema. Mwalimu anaweza kufutwa kwenye sajili na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kwa kumdhulumu mwanafunzi, bila kesi yoyote kufika kortini, mara nyingine kwa sababu familia zilielewana. Cheti chake cha tabia njema kitatoka safi kabisa. TSC huchapisha majina ya waliofutwa. Yatafute, hakiki namba yake ya usajili, kisha zungumza na mkuu wa shule aliyotoka. Zungumza kwa simu, usitosheke na barua, na umuulize waziwazi: ungemrudisha darasani kwako? Ukisikia kigugumizi, uliza zaidi. Shule binafsi zinazotosheka na karatasi ya DCI zinawaweka watoto hatarini, na hapo sina huruma na afisa anayesema hakuwa na muda.

Upande wa pili ni cheti kinachorudi na rekodi. Afisa mpya huogopa, akaitupa faili pembeni. Usifanye hivyo kabla hujajua rekodi ni ya nini. Mtu akishtakiwa huchukuliwa alama za vidole, na alama hizo zinaweza kubaki kwenye kumbukumbu hata kesi ikiisha bila hatia. Kijana mmoja aliyeomba kazi ya kupakia mizigo kwenye bohari alipatwa na hilo. Nilimwita peke yake, mlango nikaufunga.

"Mama, hiyo kesi iliisha," akasema. "Tulipigana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wazee wakatupatanisha, na yule jirani mwenyewe akaenda kuiondoa kortini."

Nilimtuma mahakama iliyosikiliza kesi akachukue nakala ya uamuzi yenye muhuri. Akarudi nayo, na ndani yake pametajwa kifungu cha 204. Jifunze vifungu hivi vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, vitakusaidia kuliko semina nyingi. Cha 204, mlalamishi ameondoa kesi na mshtakiwa ameachiliwa huru. Cha 210, korti imeona hana kesi ya kujibu. Cha 215, kesi imesikizwa hadi mwisho, na korti hukitumia kumtia mtu hatiani au kumwachilia huru, kwa hiyo soma uamuzi wenyewe. Cha 87(a), upande wa mashtaka umeondoa kesi, na hiki kina tofauti kubwa: kabla ya mshtakiwa kuanza kujitetea hakizuii ashtakiwe tena, kwa hiyo uliza kilichofuata. Kijana yule alipata kazi, na nakala ileile akaipeleka DCI ili rekodi yake irekebishwe.

Na aliyehukumiwa kweli? Tazama kosa, mwaka, na kazi unayompa. Aliyeiba pesa za mwajiri hawezi kukaa kwenye kaunta ya pesa kesho. Aliyedhulumu mtoto hafanyi kazi karibu na watoto, sasa wala baadaye. Lakini aliyefungwa kwa bangi akiwa na miaka kumi na tisa, leo ana thelathini na watu wanamshuhudia vizuri, kwa nini asifyeke nyasi za hoteli? Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, kama dini, kabila, jinsia na hali ya HIV, ila rekodi ya jinai haikutajwa humo. Ndiyo maana uamuzi wako una uzito: sheria hiyo haimtaji mtu huyo.

Vyeti vya kughushi vipo. Njia yangu ni rahisi: mwombaji anafungua akaunti yake ya eCitizen mbele yangu na kukipakua cheti palepale. Asiyekumbuka nywila huisaka kwa simu tukisubiri. Asiyetaka kabisa kufungua, namuuliza sababu.

Mwisho, karatasi zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana waajiri pia. Cheti cha uliyemwajiri kikae kwenye kabati lenye kufuli, si kwenye grupu ya WhatsApp ya mameneja. Ambaye hukumchukua, mrudishie chake au kichanwe, na nakala iliyo kwenye barua pepe ifutwe. Kama kampuni yenu hudai kipya kila mwaka kutoka kwa madereva na walinzi, ada hiyo iingizwe kwenye bajeti ya mwajiri, isikatwe kwenye mshahara wa askari wa zamu ya usiku.